Mwalimu Nyerere na Gharama ya Mafuta: Maisha ya Kiongozi Aliyejenga Taifa Katika Miaka ya Nishati Ghali

Kwa Watanzania waliokuwa watu wazima katika miaka ambayo bei ya mafuta iliitikisa dunia, mchana wa Jumapili ulikuwa na ukimya wake. Ilipotimu saa nane mchana, magari binafsi yalitakiwa yawe yameegeshwa. Barabara za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza zikabaki kwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na magari machache yenye kibali. Amri hiyo ilikuwa njia mojawapo ya Serikali kuokoa petroli na dizeli, kwa kuwa kila lita iliyochomwa barabarani ilikuwa imenunuliwa kwa fedha za kigeni zilizopatikana kwa jasho la mkulima wa pamba, kahawa, korosho na mkonge.

Aliyeliongoza Taifa katika kipindi hicho ni Baba wa Taifa, Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Historia imemkumbuka zaidi kwa Uhuru, Muungano, lugha ya Kiswahili na ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa mara nyingi ni mapambano yake ya muda mrefu na suala la nishati: namna ya kuipata, namna ya kuilipia, na namna ya kuizuia isiangushe uchumi wa nchi changa.

Kutoka Butiama hadi Edinburgh

Mwalimu Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922 katika kijiji cha Butiama, wilayani Musoma, akiwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe. Butiama ya wakati huo ilikuwa kama vijiji vingine vya Tanganyika. Chakula kilipikwa kwa kuni, usiku uliangazwa kwa moto, na kazi ya shamba ilitegemea mikono ya watu. Mwaka 1934 alipelekwa kuanza masomo katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma, umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Alifaulu vizuri, akaendelea na Shule ya Wavulana Tabora, kisha Chuo cha Makerere nchini Uganda alikosomea ualimu.

Baada ya kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, alikwenda Uskochi mwaka 1949 kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu Shahada ya Uzamili mwaka 1952. Miongoni mwa masomo aliyochukua huko yalikuwa historia na uchumi wa siasa. Masomo hayo yalimpa uelewa ambao baadaye ungejitokeza katika hotuba zake nyingi, kwamba bei ya bidhaa sokoni haitokani na nguvu za soko peke yake, bali pia na uwezo wa anayeuza na anayenunua wa kukubali au kukataa.

Aliporejea nyumbani alifundisha Pugu, akaongoza kuundwa kwa chama cha TANU Julai 7, 1954, na Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru.

Nchi huru, taa chache

Taifa alilolipokea lilikuwa na wananchi wapatao milioni 10 na umeme kidogo sana. Maporomoko ya Mto Pangani yalikuwa yakizalisha umeme tangu miaka ya 1930, na sehemu kubwa ya nguvu hizo ilikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na miji ya jirani. Dar es Salaam na miji mingine ilihudumiwa na mitambo ya dizeli. Huduma hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni mbili, TANESCO na DARESCO, zilizokuwa na wanahisa wa nje. Vijiji, walikoishi wananchi walio wengi, havikuwa na umeme kabisa.

Mwaka 1964 Serikali ilianza kununua hisa katika kampuni hizo, na baadaye zikaunganishwa kuwa shirika moja la umma. Mwaka huohuo kituo cha Hale kwenye Mto Pangani kilianza kuzalisha megawati 21, kikifuatiwa na Nyumba ya Mungu chenye megawati 8. Kwa viwango vya leo namba hizo ni ndogo. Kwa wakati ule zilionesha mwelekeo ambao Mwalimu aliushikilia hadi mwisho, kwamba mito ya nchi ifanye kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na dizeli kutoka ng'ambo.

Katika mafuta, hatua kubwa ilikuwa ujenzi wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, Kigamboni, kwa ushirikiano na Waitaliano. Kiwanda hicho kilianza kazi mwaka 1966. Nchi ikaweza kuagiza mafuta ghafi na kuyasafisha hapa nyumbani. Hata hivyo, mafuta ghafi yenyewe bado yalitoka nje, na bei yake ilipangwa na wengine.

Bomba la mshikamano

Somo la kwanza zito kuhusu nishati na siasa lilikuja Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru. Zambia, iliyotegemea njia za kusini kupata mafuta, ilijikuta katika hatari ya kukosa nishati ya kuendeshea migodi yake ya shaba, iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wake. Tanzania ilifungua Bandari ya Dar es Salaam. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yakapita katika barabara ya vumbi na matope kuelekea Zambia, safari iliyogharimu maisha ya madereva kadhaa kutokana na ajali.

Mwalimu na Rais Kenneth Kaunda walikubaliana kwamba hali hiyo isingeweza kuendelea. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kusafirisha mafuta. Miaka michache baadaye ikafuata Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Miradi hiyo miwili ilithibitisha kwamba nchi isiyokuwa na njia ya kufikisha nishati kwake haina uhuru kamili wa kuamua mambo yake.

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi chini ya umma. Mwaka 1969 lilianzishwa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), kwa lengo la kusimamia utafutaji wa mafuta na gesi na kulinda maslahi ya Taifa katika biashara hiyo.

Mwaka ambao bei iligeuka

Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati. Nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta zikapunguza uzalishaji, na nchi wanachama wa OPEC zikapandisha bei. Pipa lililouzwa kwa takribani dola 3 za Marekani kabla ya vita lilifikia karibu dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974. Katika miezi michache, bei ilikuwa imepanda karibu mara nne.

Mwalimu alikuwa katika nafasi ngumu. Tanzania iliunga mkono haki ya Wapalestina, na katika mwezi huohuo ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel. Pia aliona mantiki ya nchi za Dunia ya Tatu kuungana ili zipate bei nzuri ya mali yao, jambo ambalo wauzaji wa pamba na mkonge walilitamani lakini hawakuwa na nguvu ya kulifanya. Pamoja na hayo, mzigo wa bei mpya uliwaelemea zaidi maskini kuliko matajiri. Nchi zenye viwanda ziliweza kupandisha bei za mitambo na magari zinayouza, zikarudisha gharama yao. Mkulima wa Sukuma hakuwa na wa kumpandishia bei.

Madhara yalisambaa katika uchumi mzima. Lori la kubeba pamba kutoka kijijini hadi kwenye kiwanda cha kuchambulia lilihitaji dizeli. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilichoma mafuta mazito. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilitegemea malighafi kutoka nje, nazo zilipanda bei pamoja na mafuta. Hivyo mfuko wa saruji, mfuko wa mbolea, nauli ya basi na kilo ya sukari vyote vilibeba ndani yake bei ya pipa la mafuta, hata kwa mwananchi ambaye hakuwahi kumiliki gari. Fedha za kigeni zilizokuwa zinunue vipuri vya viwanda zilielekezwa kwenye mafuta. Kiwanda kikikosa kipuri hupunguza uzalishaji, na uzalishaji ukipungua bidhaa huadimika, hata mapato ya Serikali nayo hushuka.

Mambo yalizidi kuwa magumu kwa kuwa miaka hiyohiyo ilikuwa ya ukame. Nchi ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje kwa fedha zilezile zilizokuwa zikigombaniwa na mafuta. Serikali iliendesha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, ikiwataka wananchi wote walime ili nchi ijitosheleze kwa chakula.

Katika mikutano ya kimataifa, Mwalimu alilieleza tatizo hilo kwa mifano ambayo mkulima yeyote angeielewa. Alilinganisha kiasi cha mkonge kilichohitajika kununua trekta moja zamani na kiasi kilichohitajika baadaye, akionesha kwamba mkulima alifanya kazi zaidi ili apate kilekile au pungufu. Mafuta yaliongeza mkanda mwingine wa kumbana mkulima huyo.

Kidatu na matumaini ya gesi

Jibu la Mwalimu halikuishia kwenye kubana matumizi. Mwaka 1975 kituo cha Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu kilianza kuzalisha umeme, kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia, Sweden na wafadhili wengine. Awamu ya pili ilipokamilika mwaka 1980 uwezo wake ulifikia megawati 204, mara kadhaa ya vituo vyote vya maji vilivyotangulia. Bwawa la Mtera lilijengwa juu ya mto huo ili kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Njia kuu za umeme zikaendelea kusogezwa kuelekea mikoa mingine, na mitambo ya dizeli katika miji iliyofikiwa ikapata nafasi ya kupumzika.

Mwaka 1974, katika kisiwa cha Songo Songo wilayani Kilwa, watafiti waliokuwa wakitafuta mafuta walikuta gesi asilia. Kampuni iliyoigundua haikuiona kuwa na faida kibiashara kwa wakati ule. Serikali, kupitia TPDC, iliendelea kuchimba visima vya uhakiki, na mwaka 1982 gesi nyingine iligunduliwa Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha mbolea Kilwa kwa kutumia gesi hiyo, lakini mtaji haukupatikana. Nchi ikawa na utajiri wa nishati chini ya ardhi yake, wakati juu yake wananchi wakipanga foleni ya mafuta ya taa. Uchumi uliokuwa umedhoofishwa na bei ya mafuta haukuwa na fedha za kuchimbua mbadala wa mafuta.

Vita, foleni na mabishano

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikalazimika kuanzisha upya huduma za reli, ndege na posta kwa gharama zake. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Malori ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na silaha, na mafuta yaliyokuwa yavune mazao yakaenda vitani. Kampala ilikombolewa Aprili 1979. Gharama ya vita hivyo inakadiriwa kuwa dola milioni 500, na Tanzania iliibeba karibu yote peke yake.

Katika mwaka huohuo mapinduzi ya Iran yaliivuruga tena biashara ya mafuta. Bei iliyokuwa chini ya dola 15 kwa pipa ikapanda na kuvuka dola 30. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, gharama ya kuagiza mafuta ilikaribia nusu ya mapato yote ya nchi kutokana na mauzo ya nje, ingawa kiasi cha mafuta yaliyoingia kilikuwa kimepunguzwa. Viwanda vingi vilizalisha chini ya nusu ya uwezo wake. Mazao yalikaa maghalani kwa kukosa usafiri. Sabuni, sukari, khanga na betri za redio vikawa bidhaa za foleni, na magendo yakastawi kwenye mipaka.

Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa tayari kukopesha kwa masharti ya kushusha thamani ya shilingi, kuondoa ruzuku na kupunguza matumizi ya Serikali. Mwalimu aliyakataa. Akizungumza na mabalozi siku ya mwaka mpya 1980, alipinga haki ya shirika hilo kuziamulia nchi maskini sera zao. Hoja yake ilikuwa kwamba Tanzania haikupandisha bei ya mafuta wala haikuanzisha vita vya Kagera, hivyo isingekuwa haki watoto wake wakose shule na dawa ili kulipa gharama hizo.

Wapo waliomshauri kinyume, hata ndani ya Serikali yake. Waliona kwamba shilingi yenye thamani kubwa kuliko uhalisia ilimnyima mkulima bei nzuri na kuwapa faida walanguzi, na kwamba mashirika mengi ya umma yalikuwa yakiendeshwa kwa hasara tangu kabla ya mafuta kupanda. Mwalimu mwenyewe, katika miaka ya baadaye, alikiri kwamba kulikuwa na makosa ya ndani, yakiwemo ya kuvunja vyama vya ushirika na serikali za mitaa. Ukweli wa kipindi hicho unahitaji kutazamwa kwa pande zote mbili: dhoruba ilitoka nje, lakini chombo nacho kilikuwa na nyufa zake.

Kung'atuka na miaka ya mwisho

Novemba 1985 Mwalimu aliondoka madarakani kwa hiari, na neno la Kizanaki, kung'atuka, likaingia katika Kiswahili cha kila siku. Mrithi wake, Rais Ali Hassan Mwinyi, alifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Katika mwaka huohuo bei ya mafuta duniani ilianguka. Nafuu ambayo Mwalimu aliisubiri kwa zaidi ya miaka 10 ikawadia alipokuwa amekwisha kukabidhi usukani.

Hakuacha kulishughulikia suala hilo. Kuanzia mwaka 1987 aliongoza Tume ya Kusini, iliyotoa taarifa yake mwaka 1990 kuhusu namna nchi zinazoendelea zinavyoweza kushirikiana katika biashara, fedha na teknolojia. Moyo wa taarifa hiyo ulikuwa uleule wa miaka ya mafuta ghali, kwamba wanyonge wakiuza kila mmoja peke yake, wataendelea kupangiwa bei. Alirudi Butiama, akalima, akasoma na kupokea wageni. Alifariki dunia jijini London Oktoba 14, 1999, na kuzikwa kijijini kwake.

Hakuwahi kuona gesi ya Songo Songo ikifika Dar es Salaam. Ilifika mwaka 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa, ikaanza kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo, na kiwanda cha Wazo Hill kikawa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo.

Bwawa lenye jina lake

Ndoto nyingine iliyobaki ilikuwa katika bonde la Mto Rufiji. Korongo lililojulikana kwa jina la Stiegler lilikuwa limefanyiwa uchunguzi wa kina katika miaka ya 1970, na mwaka 1975 Serikali ya Mwalimu iliunda mamlaka maalumu ya kuliendeleza bonde hilo. Mradi uliahirishwa kwa sababu mbili: gharama yake ilizidi uwezo wa nchi, na umeme ambao ungezalishwa ulizidi mahitaji ya wakati ule.

Baada ya zaidi ya miaka 40, chini ya Rais John Pombe Magufuli, mradi ulifufuliwa na jiwe la msingi likawekwa Julai 26, 2019. Ujazaji wa maji ulianza Desemba 2022 katika uongozi wa Rais Samia Suluhu Hassan, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Bwawa hilo lina mitambo 9, kila mmoja ukiwa na megawati 235, na jumla yake ni megawati 2,115. Limepewa jina la Julius Nyerere.

Jina hilohilo limepewa hifadhi ya taifa inayolizunguka, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous. Mwezi Septemba 1961 mjini Arusha, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu alikuwa ametoa ahadi mbele ya dunia kwamba Tanganyika itawatunza wanyamapori wake kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kwa hiyo mahali pamoja panabeba ahadi zake mbili: kuwapa wananchi nguvu za kujiendeleza na kuwaachia urithi wa asili. Kutimiza moja bila kuisahau nyingine ni wajibu uliobaki kwa kizazi cha sasa.

Dunia bado hutikisika bei ya mafuta inapopanda, na nauli, mbolea na unga bado hufuata mkondo huo. Ukame nao umekwisha kuonesha, katika migao ya umeme ya miaka ya 1990 na mwaka 2006, kwamba hata mito ina mipaka yake, na nchi inayotegemea chanzo kimoja cha nishati huwa imeweka mayai yote katika kapu moja. Lakini leo taa inapowashwa katika kijiji cha mkoa wa Mara kwa nguvu ya maji ya Rufiji, hakuna shehena ya pamba iliyolazimika kuuzwa kwanza ili kuinunulia dizeli. Hilo ndilo Mwalimu alilolitafuta tangu siku za Hale.